Mtu kaanguka, hapumui: jinsi ya kutumia mashine ya AED mwanzo mpaka mwisho

Nianze na kile kinachowatisha wengi. AED, yaani mashine ya kuupiga moyo shoti ya umeme, haimpigi shoti mtu ambaye moyo wake unadunda kawaida. Ukishabandika pedi zake (vibandiko viwili vya gundi vyenye waya) kifuani inausoma moyo yenyewe, na ikiona hauhitaji shoti basi kitufe hakifanyi kazi, bonyeza utakavyo hakitoki kitu. Kwa hiyo ile hofu ya "nikikosea ntamuua" naomba uiweke pembeni kabisa, maana mtu unayemwekea hii mashine hajibu na hapumui, yaani usipofanya kitu anakufa, hamna hali mbaya zaidi ya hiyo unayoweza kumfikisha.

AED ni kile kiboksi unachokiona kimetundikwa ukutani kwenye viwanja vya ndege, stesheni, viwanja vya michezo, maofisi makubwa, mara nyingi kina alama ya moyo wenye radi katikati. Watu wanapita hapo kila siku bila kujua ni cha nini, na siku mtu akianguka hatua chache tu kutoka hapo wanabaki wamemzunguka wanasubiri daktari. Kimetengenezwa kitumiwe na yeyote aliye karibu, kinaongea, kina michoro, kinakuongoza. Ila kinakusaidia zaidi kama unajua mapema nini kinafuata, ndo maana naandika hii yote kwa urefu.

Kinachotokea ndani ya kifua

Moyo unaendeshwa na umeme wake wenyewe. Kuna wakati huo umeme unavurugika ghafla, misuli ya moyo inaanza kutetemeka ovyo kila sehemu kivyake, damu haisukumwi tena (hapo ndo tunasema moyo umesimama, hata kama bado unatetemeka), mtu anaanguka ndani ya sekunde chache. Shoti ya AED inazima ule mvurugiko wote kwa mpigo mmoja ili moyo upate nafasi ya kuanza upya wenyewe kwa mpangilio. Ndo maana moyo ukiwa umetulia kabisa, hauna umeme wowote, mashine inakataa kutoa shoti, kwa kuwa hamna mvurugiko wa kuzima. Zile filamu ambazo mstari umenyooka kwenye skrini, daktari anapiga shoti, mgonjwa anaamka, zisahau.

Usichanganye hii na shambulio la moyo pia. Mtu mwenye maumivu ya kifua, anatokwa jasho, mkono au taya inauma lakini anaongea na wewe, huyo mshipa wa moyo umeziba ila moyo bado unapiga, hapigwi shoti. Piga simu ya dharura, mkalishe atulie, na mtu mmoja alete AED iwe karibu tu kwa sababu anaweza kuzimika wakati wowote.

Kuhusu muda, hapa ndo pazito. Kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua na bila shoti, nafasi ya mtu kupona inapungua kwa asilimia 7 mpaka 10. Ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika 4 mpaka 6. Piga hesabu mwenyewe gari la wagonjwa linachukua dakika ngapi kufika ulipo saivi, utaelewa kwa nini kazi hii ni ya watu waliopo pale pale.

Wapenda mpira mnakumbuka Christian Eriksen wa Denmark alivyoanguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, mechi na Finland, dunia nzima inaangalia. Wenzake walimlaza vizuri, wakaita madaktari mara moja, kifua kikakandamizwa, akapigwa shoti moja, akazinduka akiwa bado uwanjani, na mwaka uliofuata akarudi kucheza. Fabrice Muamba naye alianguka London tarehe 17 Machi 2012, moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, alipigwa shoti 15, na leo yupo hai. Muda wote huo kilichokuwa kinapeleka damu kwenye ubongo wake ni mikono ya watu waliokuwa wanamkandamiza kifua. Hilo la mikono ntalirudia sana huku chini.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli moyo umesimama

Kabla hujamsogelea tupa jicho haraka, kuna waya wa umeme? magari yanapita? yupo ndani ya maji? Ukiwa na wewe umeanguka hamna atakayesaidika. Ukiona pako salama piga magoti pembeni yake, mshike mabega yote mawili umtikise, muite kwa sauti kubwa, "Mzee wangu! Unanisikia? Fumbua macho!" Hajibu, hasogei? Mlaze chali, angalia kifua kwa muda usiozidi sekunde 10.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapotea, somo hili tafadhali lisome mara mbili. Mtu ambaye moyo umesimama anaweza kuendelea kutoa pumzi za ajabu kwa dakika kadhaa. Anakoroma, au anavuta hewa kwa kushtuka mara moja, kimya kirefu, tena mara moja, mdomo unafunguka na kufumba kama samaki aliyetolewa majini. Watu wakiona hivyo wanasema "bado anapumua, tumwache apumzike", wanamwekea nguo chini ya kichwa, wanampepea, na zile dakika za kumuokoa ndo zinaishia hapo. Hiyo sio kupumua, ubongo unakosa damu ndo unatoa hizo pumzi za mwisho. Kanuni ni moja tu: hajibu na hapumui KAWAIDA, basi mchukulie moyo umesimama. Na mwingine anapoanguka anatetemeka mwili kwa sekunde chache utadhani ni kifafa, mtetemeko ukiisha na hapumui kawaida anza kazi.

Kutafuta mapigo shingoni waachie wataalamu, hata wao muda mwingine wanakosea, wewe unaweza kusikia mapigo ya vidole vyako mwenyewe ukadhani ni yake.

Hatua ya pili: gawa kazi kwa kunyoosha kidole

Ukipiga kelele "jamani mtu apige simu!" kila mmoja atadhani mwenzake anapiga. Chagua mtu, muangalie usoni, mnyooshee kidole: "Wewe kaka wa shati jekundu, piga namba ya dharura, weka spika, kaa hapa pembeni yangu." "Dada wewe, kimbia ulete AED, iko pale mlangoni, ukiipata rudi nayo mbio." Kama hujui iko wapi mwambie aulize walinzi au mapokezi, wao ndo wanajua zaidi kitu kimetundikwa wapi.

Uko peke yako? Weka simu spika, iweke sakafuni karibu na kichwa chake, uongee huku mikono inafanya kazi. AED ikiwa unaiona na unaifikia kwa sekunde chache kaichukue, ila usimwache ukaanza kuzunguka jengo zima unaitafuta.

Hatua ya tatu: kandamiza kifua, usisubiri mashine

Hii kwa kweli ndo roho ya kazi yote. Mashine bila kukandamiza kifua inafanya nusu ya kazi, na kabla haijafika mikono yako ndo moyo wake.

Awe amelala chali kwenye kitu kigumu, kama yuko kitandani mteremshe chini. Weka sehemu ya chini ya kiganja, ile inayopakana na kifundo cha mkono, katikati ya kifua kwenye ule mfupa, nusu yake ya chini. Mkono wa pili juu yake, pitanisha vidole. Nyoosha viwiko visikunjike, mabega yako yawe juu ya mikono yako, alafu shuka na uzito wa mwili, sio nguvu za mikono, ukitumia mikono utachoka ndani ya dakika moja. Kifua kishuke sentimita 5 mpaka 6 kwa mtu mzima, hiyo ni chini sana kuliko unavyodhani. Kasi ni mara 100 mpaka 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde, hesabu kwa sauti. Kila ukishuka kiache kifua kirudi juu chote kabla hujashuka tena, maana moyo unajaa damu wakati kinarudi juu, ukiegemea unauzuia kujaa.

Unaweza kusikia au kuhisi mbavu zinalia ko. Inaogopesha lakini endelea, mbavu zinaunga.

Kama umefundishwa kutoa pumzi za mdomo na uko tayari, kandamiza mara 30 kisha pumzi 2, rudia. Kama hujafundishwa kandamiza tu bila kusimama. Ila mtoto au mtu aliyetolewa majini, hao tatizo lilianzia kwenye hewa, pumzi zina umuhimu mkubwa sana kwao, mhudumu wa kwenye simu atakuelekeza. Mbadilishane na mwenzako kila dakika 2 hata kama unajiona bado una nguvu, mikono inalegea kabla mwenyewe hujagundua.

Hatua ya nne: mashine imefika

Aliyeileta ndo aifungue, wewe endelea kukandamiza. Kosa linalojirudia ni kwamba AED ikifika wote wanaacha kifua na kuizunguka mashine. Mmoja kifuani, mwingine kwenye mashine.

Iweke pembeni ya kichwa chake, iwashe. Nyingine zinawaka zenyewe ukifungua mfuniko, nyingine zina kitufe cha kijani. Itaanza kuongea hapo hapo. Kama inaongea lugha usiyoielewa usichanganyikiwe, michoro iko juu ya mashine na juu ya pedi zenyewe, na taa inamulika sehemu unayotakiwa kushughulika nayo.

Kifua kinatakiwa kiwe wazi kabisa. Kata nguo kwa mkasi uliopo kwenye kifurushi, usianze kufungua vifungo kimoja kimoja. Kwa mwanamke jamani hapa tuwe wakweli, watu wanasita, wanaona aibu kumvua dada wa watu hadharani, matokeo yake wanawake wanakosa msaada kuliko wanaume. Sidiria isogeze au ikate kama inazuia pedi kukaa kwenye ngozi, ukishabandika unaweza kumfunika na kanga au koti juu yake, na waambie watu wageuze migongo wawe ukuta. Heshima yake unailinda hivyo huku unamuokoa.

Kifua kikiwa na maji au jasho kifute chap kwa kitambaa. Alafu zitoe pedi kwenye pakiti, zinakuwa mbili, bapa, kila moja ina mchoro wa mwili unaoonyesha inakaa wapi. Bandua ile plastiki ya nyuma utaona gundi laini yenye utelezi, bandika ya kwanza upande wa kulia WAKE (sio wa kwako) chini ya mtulinga, juu ya chuchu. Ya pili upande wake wa kushoto, ubavuni, chini kidogo ya kwapa. Hii ya pili ndo inakosewa, watu wanaiweka mbele mno, karibu na chuchu, wakati inatakiwa iende kule pembeni ili umeme upite katikati ya moyo. Isibandikwe juu ya titi, liinue kidogo uiweke chini yake pembeni. Gandamiza kila pedi kuanzia katikati kwenda kingo zote, isiachwe hewa chini yake. Kama waya wa pedi haujachomekwa tayari, uchomeke kwenye tundu linalomulika. Ukijikuta umegeuza, ya kulia umeiweka kushoto, ziache hivyo hivyo, inafanya kazi, kuzibandua unaharibu gundi na muda.

Hatua ya tano: inasoma, mnatoka

Mashine itasema mtu yeyote asimguse. Hapa sasa, na hapa tu, ndo unaondoa mikono. Ukimtikisa inaweza kusoma vibaya. Ni sekunde chache.

Ikiamua shoti inahitajika itasema, na kitufe chenye alama ya radi kitaanza kuwaka-waka. Angalia mwili wote kuanzia kichwani mpaka miguuni, kuna mtu kamshika mkono? kuna ndugu kamkumbatia miguu? Piga kelele "Msimguse! Wote mbali!", kama kuna mtungi wa oksijeni unapuliza usogeze mbali, hakikisha tena, bonyeza. Mwili utaruka kidogo. Zipo AED ambazo zinahesabu na kutoa shoti zenyewe bila kitufe, hizo zitakwambia, wewe kazi yako ni kuhakikisha hamna anayemgusa.

Shoti ikishatoka rudi kifuani MARA MOJA. Usimwangalie usoni kusubiri afumbue macho, usitafute mapigo, usiulize "ameamka?" Hata moyo ukiwa umerudi kwenye mpangilio, mwanzoni unakuwa dhaifu, hausukumi damu ya kutosha, unahitaji usaidiwe. Na kumgusa baada ya shoti hakuna hatari, umeme umeshapita. Kandamiza dakika 2, mashine yenyewe ndo inahesabu, itawaambia tena mtoke isome, na hapo hapo mtumie kubadilishana.

Ikisema hamna shoti, watu wanaelewa vibaya pande zote mbili, wengine wanadhani kapona wengine wanadhani kafa. Maana yake ni kwamba kwa saivi shoti haitamsaidia, basi. Kama hajasogea na hapumui kawaida kandamiza dakika 2 zingine, moyo unaweza kubadilika na ikisoma mara ya pili au ya tatu ikatoa shoti.

Huo mzunguko unaendelea mpaka moja ya haya: wahudumu wa dharura wamefika na wamekwambia toka, au ameanza kupumua kawaida na kusogea, au nyie wote mmeishiwa nguvu kabisa.

Mazingira yanayowababaisha watu

Maji. Akiwa ndani ya bwawa au amelala kwenye dimbwi mtoe kwanza, kausha kifua. Ardhi ikiwa na unyevu tu au manyunyu ya mvua endelea, muhimu kifua kikavu na asiguswe. Sakafu ya chuma pia sio tatizo, ilimradi pedi zisigusane na chuma.

Nywele nyingi kifuani zinazuia pedi kushika, mashine itaendelea kulalamika kwamba pedi hazijakaa. Zigandamize kwa nguvu kwanza, zikikataa chukua wembe wa kwenye kifurushi unyoe hayo maeneo mawili tu, haraka haraka.

Uvimbe mgumu chini ya ngozi karibu na mtulinga, saizi ya saa ndogo, mara nyingi ni peismeka, kifaa kinachousaidia moyo kupiga. Pedi usiibandike juu yake, isogeze pembeni, vidole viwili vitatu hivi. Plasta ya dawa iliyobandikwa kifuani itoe (vaa glavu kama zipo), futa, ndo ubandike pedi. Cheni ya shingoni isogeze tu, usipoteze muda kuifungua.

Mjamzito anapigwa shoti kama mtu mwingine yeyote, pedi sehemu zile zile. Mtoto hawezi kuishi tumboni ikiwa moyo wa mama umesimama. Kama watu mpo wengi na mimba imefika usawa wa kitovu au juu zaidi, mmoja alisukume tumbo kwa mikono kuelekea upande wa kushoto wa mama wakati wengine wanakandamiza, mimba inalalia mshipa mkubwa wa damu na hiyo inaufungua.

Mtoto chini ya miaka 8 au chini ya kilo 25, tumia pedi za watoto au swichi ya mtoto kama mashine inayo. Kama hamna tumia za watu wazima, usimnyime shoti kwa sababu ya pedi. Kifua chake kidogo, pedi zisigusane, kwa hiyo moja katikati ya kifua na nyingine mgongoni katikati ya mabega. Kukandamiza ni kama theluthi moja ya kina cha kifua chake, mkono mmoja unaweza kutosha, na kichanga unatumia vidole gumba viwili huku mikono imemzunguka kifua. Ukiwa peke yako na mtoto na huna simu, fanya kazi dakika 2 kwanza ndo ukimbie kuita msaada.

Akirudi

Anaanza kukohoa, kusogea, kupumua kawaida. Acha kukandamiza, mlaze kwa ubavu, kichwa kiinamie nyuma kidogo hewa ipite. Pedi ZIBAKI kifuani na mashine IBAKI imewashwa, kwa sababu moyo uliosimama mara moja unaweza kusimama tena baada ya dakika tano. Kaa naye, angalia kifua kinapanda na kushuka, ukiona pumzi zimepotea mrudishe chali na uanze tena. Anaweza kuzinduka akiwa amechanganyikiwa, anapigana, anataka kusimama, ongea naye kwa upole.

Wahudumu wakifika wape mambo manne: alianguka saa ngapi, mlianza kukandamiza lini, kapigwa shoti ngapi, na chochote unachojua kuhusu dawa zake au maradhi yake. Mashine inaondoka na mgonjwa au wataichukua kumbukumbu zake, ndani imerekodi moyo ulivyokuwa tangu pedi zilipobandikwa, na hiyo inamsaidia sana daktari wa moyo.

Kwa wenye mashine ofisini, msikitini, kanisani, kiwanjani

Mashine iliyofungiwa kwenye kabati na funguo ziko kwa bosi aliyesafiri ni sawa na haipo. Itundikwe mahali panapoonekana, pasipo jua kali la moja kwa moja, na kibao kinachoonyesha njia. Mtu mmoja ajulikane kwa jina kwamba kila mwezi anaiangalia: taa ya kuonyesha iko tayari inawaka kijani au inaonyesha alama ya sawa, ikilia-lia au ikiwa nyekundu kuna tatizo. Pedi zina tarehe ya mwisho iliyochapishwa kwenye pakiti, gundi ikikauka haishiki ngozi, mara nyingi zinakaa miaka miwili hivi. Betri nayo ina tarehe yake. Ndani ya kifurushi wekeni mkasi, wembe, kitambaa cha kufutia, glavu na kifaa cha kupulizia pumzi. Ikishatumika pedi zinatupwa, hazirudiwi, kwa hiyo muwe na seti ya pili tangu siku ya kwanza mnayoinunua, alafu siku hiyo hiyo baada ya tukio mashine ikaguliwe, iwekewe pedi mpya na irudi ukutani.